Vifuniko Kumi na Viwili vya Usitiri

Watu wa Usitiri ni watu wema. Naanza na hilo ili mtu asije akasema nilikwenda kula chakula chao kisha nikarudi kuwasengenya. Walinilisha, walinipa chumba chenye dirisha, na sikupoteza hata kifungo. Mimi ni fundi cherehani. Waliniita niwashonee vifuniko, nami niliyoyaona huko nayaeleza kama nilivyoyaona.

Katika nchi ile kitu chochote cha thamani hufunikwa. Redio ina kifuniko chake, birika la wageni lina chake, na juu ya kifuniko huwekwa kifuniko kingine cha kukinga kile cha kwanza. Siku ya kwanza nilikaribishwa nyumba moja, nikakuta kochi limevikwa nailoni, juu ya nailoni shuka, juu ya shuka vitambaa vya kufuma. Mwenye nyumba alikuwa ameketi sakafuni. Aliniambia kochi lile analo mwaka wa kumi na tisa na bado ni jipya. Nikaketi naye sakafuni, tukala.

Kazi yangu ilikuwa katika Shule ya Mlimani. Shule hiyo ilikuwa na kompyuta kumi na mbili, zimepangwa kwenye chumba chenye zulia, kila moja chini ya kifuniko cha kitambaa cha buluu. Vifuniko vilikuwa vimepauka. Kompyuta hazikuwa zimepauka kwa sababu hazijawahi kuona jua tangu zilipoletwa, miaka kumi na mmoja kabla. Kila mwaka mkaguzi alikuja akazihesabu, akaandika, "Kumi na mbili, zote mpya," na shule ikapewa cheti cha ufundishaji bora. Vyeti kumi na kimoja vilitundikwa ukutani, navyo vilifunikwa.

Mkaguzi aliitwa Bi Arafa. Alikuwa mwanamke mpole, sauti ya chini, daftari halitoki kwapani.

"Fundi," akaniambia, "utapima kwa macho."

"Bi mkubwa, suruali ya mtu naweza kuikisia. Kitu hiki sikijui mabega wala kiuno."

Akafikiri. Akaenda akarudi na kibali chenye mihuri miwili. Kilisema futi yangu iruhusiwe kugusa mashine, ila mkono wangu usiguse. Nikapima hivyo siku tatu, nimeshika futi kwa ncha mbili kama mtu anayebeba nyoka.

Juu ya mlango wa chumba kile kulikuwa na sheria ya nchi, imeandikwa kwa rangi nyekundu: ASIYEJUA ASIGUSE.

"Na atajuaje kabla hajagusa?" nikamuuliza Bi Arafa.

"Atafundishwa."

"Na anayemfundisha alijuaje?"

"Naye alifundishwa."

"Na wa kwanza kabisa?"

"Fundi," akasema bila hasira, "wa kwanza ni habari za zamani. Sisi tunazungumza habari za elimu."

Nilitaka kuona hiyo elimu, nikaruhusiwa kukaa nyuma ya darasa. Mwalimu wa kompyuta alikuwa Kibwana, mtu wa makamo kama mimi, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingo. Wanafunzi walikuwa arobaini na wawili. Kila mmoja alikuwa na ubao mbele yake, ubao wa mninga uliochorwa vitufe kwa rangi nyeupe. Mwalimu alisema neno, wanafunzi wakagonga mbao kwa vidole, naye akatembea katikati akisikiliza. Aligundua makosa kwa sikio. Mtoto mmoja aliambiwa, "Wewe umegonga kwa kusitasita, rudia," akarudia, akasifiwa.

Baadaye wakaimba sehemu za mashine.

"Kipanya ni nini?"

"Kipanya ni kifaa cha kuelekeza. Kina mkia mmoja mgongoni na mpira mmoja tumboni."

"Mpira una kazi gani?"

"Kubingirika."

Waliimba vizuri. Kama ni kwaya ningewapa zawadi.

Kipindi kilipokwisha nikamuuliza Mwalimu Kibwana kama amewahi kuiwasha.

"Nina cheti cha daraja la kwanza," akasema.

"Sikuuliza cheti, mwalimu."

Akatazama dirishani. "Ruhusa ya kugusa hutolewa na Bodi baada ya mtihani. Mtahini lazima awe mtu aliyethibitika kuwa anajua. Bodi bado haijampata."

"Wanamtafuta tangu lini?"

"Tangu mashine zilipokuja."

Niliacha shule darasa la tano, baba alipougua, nikakalishwa kwenye cherehani ya mjomba. Wiki ya kwanza nilijishona kidole. Wiki ya pili nikavunja sindano nne, na mjomba akanizaba kofi moja kwa kila sindano. Wiki ya tatu nikashona mto. Kwa hiyo elimu ya Usitiri ilinikalia vibaya kooni. Ila sikuitwa kutoa maoni, niliitwa kushona, nikashona.

Ijumaa mchana nilikwenda chumba cha mashine kupima upya upana wa ile ya tatu. Ijumaa ni siku ya kufuta vumbi, na mwaka ule kazi hiyo ilikuwa ya msichana aitwaye Siwatu, wa miaka kumi na mitano. Nilipofika mlangoni nilimwona mgongo. Kifuniko kilikuwa kimekunjwa vizuri pembeni. Skrini ilikuwa inawaka. Siwatu alikuwa anaandika kwa vidole vyote kumi, haraka, bila kutazama chini, kama mshonaji mzoefu anavyopeleka pindo huku anazungumza na mteja. Nilisimama nikaangalia. Mtu aliye kwenye mashine hashtuliwi, nikaondoka kimya.

Hapo ndipo nilipokosea. Jioni nilikunywa kahawa na Bi Arafa, nikamwambia, kwa nia ya kuisifu shule yake, kwamba ana mwanafunzi anayeandika kwa vidole kumi na mashine haijadhurika. Nilidhani sheria ile ilikusudia kuzuia uharibifu. Bi Arafa aliweka kikombe chini, akafungua daftari, akaniuliza jina la mwanafunzi, nikamtajia.

Kosa la Siwatu katika sheria za Usitiri linaitwa Kujua Kabla ya Idhini. Mwenye kupatikana nalo hufutwa jina, na jina likifutwa shule moja haliandikwi tena katika shule yoyote. Wasichana waliofutwa hupelekwa Dobi Kuu la Serikali kufua vifuniko. Mama yake Siwatu alikuwa akifua huko mwaka wa ishirini. Nilikwenda kumwona Jumamosi. Mikono yake ilikuwa imepasuka kwa magadi mpaka kwenye vifundo.

"Wewe ndiye fundi uliyesema?" akaniuliza.

"Ni mimi, mama."

"Walikupa nini?"

"Hawakunipa kitu. Nilikuwa namsifu."

"Heri ungemtukana."

Siwatu alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, anakuna nazi. Kumbe hata kabla yangu walikuwa wanamshuku. Kwenye mtihani wa muhula aliambiwa achore vitufe, akavichora vilivyo kwenye mashine. Akapata sifuri. Seremala aliyetengeneza mbao za shule hakuonyeshwa kompyuta, maana naye hakuruhusiwa kuiona, basi alipanga herufi kama zinavyofuatana kwenye alfabeti. Miaka kumi na mmoja watoto wa Mlimani walikuwa wamejifunza kugonga mahali pasipo herufi.

"Ulijifunzaje?" nikamuuliza.

"Kwa kubonyeza, baba. Kikitokea kitu nakumbuka. Kisipotokea nabonyeza kingine."

"Uliogopa?"

"Ijumaa ya kwanza. Ilipiga mlio."

Mama yake akamkatiza. "Jumatatu utasema hujui. Umesikia? Hawana ushahidi. Hakuna mtu pale anayeweza hata kuiwasha waone kilichomo. Utasema hujui, utarudi darasani, basi."

Nikamwambia mama anasema kweli, na mimi nitasaidia.

Kikao kilifanyika chumba kile kile cha mashine. Wanafunzi walisimama nje madirishani. Mwenyekiti wa Bodi alikuwa Mzee Ngwali, mtu mkubwa wa tumbo, amevaa kofia nzuri ya kushona kwa mkono iliyofunikwa mfuko wa nailoni. Nikaitwa wa kwanza.

"Fundi, uliona nini?"

"Niliona mtoto anafuta vumbi."

Bi Arafa akafungua daftari. "Kwangu ulisema anaandika kwa vidole kumi."

"Alikuwa anafuta kwa vidole kumi, bi mkubwa. Ni mtoto msafi."

Madirishani wakacheka. Nilidanganya, nami sitafuti sifa kwa hilo. Nilikuwa najaribu kushona nilipochana mwenyewe.

Mzee Ngwali hakuwa mkatili. Alikuwa na njaa. Aliwaambia wenzake kwamba mgeni ameyumba, na mashine haisemi, kwa hiyo kesi imebaki na ule mchoro wa mtihani, na mchoro ule ni kosa la kawaida la mtoto asiyesoma.

"Siwatu, mwanangu," akasema, "kwa desturi yetu, mshtakiwa husimama mbele ya Bodi akatamka neno moja. Tamka 'sijui.' Kisha utasimama mbele ya darasa useme mpangilio wa ubao ndio sahihi. Tufunge kikao, twende tukale."

Mama alikuwa amesimama karibu na mlango, mikono ameificha kwenye khanga. Alitikisa kichwa kidogo, maana yake tamka.

Siwatu aliwatazama wenzake dirishani. Halafu akautazama ubao wa mninga mezani, ushahidi namba moja.

"Najua," akasema.

"Hujanisikia, binti."

"Nimekusikia, mheshimiwa. Najua. Na huo ubao si sahihi."

Mama yake akaketi chini pale pale mlangoni.

Bi Arafa aliandika. Mzee Ngwali akavua kofia, akairudisha. Wakanong'onezana, kisha wakasema mtu hawezi kupatikana na hatia kwa maneno yake tu, maana watoto hujisifu. Lazima athibitishe. Siwatu akakunja kifuniko cha mashine ya tatu, akabonyeza mahali, tukangoja. Mashine ikapiga mlio wake. Wajumbe wawili wakainuka. Skrini ikawaka, akafungua alichokuwa ameandika Ijumaa kwa Ijumaa, na Mwalimu Kibwana akaamriwa asome kwa sauti kwa kuwa ndiye mwenye cheti.

Kibwana alisogea polepole. Alisoma hivi:

"Kitabu kinasema kipanya kina mpira tumboni. Nimekigeuza. Hakina mpira. Kina taa nyekundu. Kitabu kinasema kipanya kina mkia. Cha mashine ya saba hakina, na kinafanya kazi. Kitabu kinasema herufi zimepangwa kama alfabeti. Hazikupangwa hivyo. Kitabu kinasema kompyuta ikiguswa na asiyejua itaharibika. Nimeigusa Ijumaa ishirini na tatu. Haijaharibika."

Alipomaliza hakurudi kitini. Alibaki anatazama ile taa nyekundu chini ya kipanya, amekigeuza kwa kalamu ili mkono usiguse.

Mjumbe mmoja alisema huenda mashine zote kumi na mbili zina kasoro ya kiwandani, zirudishwe zikapangwe herufi upya kulingana na mbao. Hoja hiyo ilipata kura tatu. Kisha wakaandika hukumu: imethibitika mbele ya Bodi kwamba Siwatu anajua, kwa hiyo ana hatia, kwa hiyo amefutwa jina kuanzia sasa. Wakagonga muhuri. Mama alilia bila sauti.

Wajumbe wakasimama waondoke. Bi Arafa akashika kifuniko aifunike mashine, akasita.

"Mwenyekiti, bado inawaka."

Sheria ya Usitiri inasema mashine inayowaka haifunikwi, kwa hatari ya moto. Sheria nyingine inasema chumba cha mashine hakifungwi kukiwa na mashine isiyofunikwa. Na mkaguzi haruhusiwi kuondoka shuleni kabla chumba hakijafungwa.

"Izimeni," akasema Mzee Ngwali.

Wakatazamana.

"Mwalimu?"

"Sina idhini ya kugusa, mheshimiwa."

"Chomoa waya."

"Waya ni sehemu ya tano ya mashine. Imo kitabuni."

"Basi huyu binti aizime."

"Mheshimiwa," akasema Siwatu, "nimefutwa. Asiye mwanafunzi haruhusiwi kugusa chochote cha shule."

Alisema kwa adabu kabisa. Bodi ikaketi tena. Walijadiliana mpaka chakula cha mchana kikapoa, nami nilikuwapo, nilihesabu mapendekezo manane. Mmoja alitaka wangoje mashine ichoke. Mwingine akakumbusha kwamba shule inatumia umeme wa jua na betri zake ni mpya, hazijawahi kutumika. Mwishoni Mwalimu Kibwana aliinua mkono. Alipendekeza Siwatu ahesabiwe kuwa mwanafunzi, kwa shughuli hiyo tu, mpaka mashine itakapozimwa. Ikizimika, hukumu ishike. Sijui mpaka leo kama alijua alichokuwa anapendekeza. Nilimtazama usoni, uso wake ulikuwa mtupu kama ubao. Mzee Ngwali alisema hiyo ndiyo busara, wakaandika, wakagonga muhuri, wakatia sahihi wote saba.

"Haya binti. Zima."

"Nitaizima, mheshimiwa," akasema Siwatu. "Azimio halikusema lini."

Huko Usitiri karatasi yenye muhuri haitenguliwi na waliotia sahihi. Hutenguliwa na Bodi ya juu, na Bodi ya juu hukaa mara moja kwa miaka minne. Bi Arafa aliletewa kitanda akalala ofisini. Siku tatu baadaye alipata kibali cha kuondoka, na chumba kikabaki wazi.

Wiki ile Mwalimu Kibwana aliisoma hukumu upya, neno kwa neno, ndiyo kazi aliyoizoea. Akaja kunionyesha. "Imethibitika mbele ya Bodi kwamba Siwatu anajua." Na sheria inasema mtahini ni mtu aliyethibitika kuwa anajua. Bodi ilikuwa imempata mtahini wake bila kukusudia. Kibwana ndiye aliyejitokeza wa kwanza kutahiniwa. Alikaa mbele ya mashine mbele ya wanafunzi wake mwenyewe, jasho linamtoka, akitafuta herufi ya kwanza ya jina lake kwa kidole kimoja.

"Polepole, mwalimu," mtoto mmoja akamwambia. "Umegonga kwa kusitasita."

Kibwana alicheka mpaka akafungua kifungo cha shingo.

Baada ya hapo walikuja wote, zamu kwa zamu, kwenye mashine ile moja. Siwatu aliwafundisha kuandika, kuhifadhi, kufungua kilichohifadhiwa. Wavulana wawili walipewa kazi ya kupanda paani kufuta paneli za jua, maana kukija wingu zito betri zikaisha, mashine ingezimika na Siwatu angekwenda Dobi Kuu. Kila mtoto alilijua hilo. Hata wa darasa la chini walikuwa wakitazama mbingu asubuhi kama wakulima.

Nilikaa wiki tatu zaidi kumaliza vifuniko, na nikaona jambo lingine. Jioni moja nikamfuata Siwatu akifunga madaftari.

"Unawafundisha yote isipokuwa moja," nikamwambia. "Hujawafundisha kuzima."

Akanitazama kwa ukali. "Hilo ndilo linaloniweka hapa, baba."

"Na wale wajumbe, kilichowaweka pale ni nini? Ni kwamba hakuna aliyejua zaidi yao, na walihakikisha hivyo."

"Wewe ulinisema mara moja. Umekuja kunisema tena?"

"Ndiyo. Safari hii nakwambia mwenyewe."

"Mmoja akikosana nami? Mmoja akiahidiwa zawadi na Bodi? Ni kubonyeza mara mbili tu, baba. Mara mbili, na mimi nipo kwenye magadi na mama."

"Inawezekana," nikasema. Alichukua madaftari yake akaenda nyumbani bila kuaga.

Siku nne hakuzungumza nami. Siku ya tano nilikuwa mlangoni nakabidhi vifuniko kwa Mwalimu Kibwana. Darasa lilikuwa limejaa. Siwatu alisimama mbele, chaki mkononi, mama yake yuko nyuma amepewa ruhusa ya saa moja kutoka dobi. Aliandika ubaoni neno moja: KUZIMA.

Mtoto wa mbele akasema, "Dada, hilo tuliache."

"Ni sehemu ya somo," akasema Siwatu. Sauti yake haikuwa imara. Akawaita karibu, akawaonyesha pa kwanza, akawaonyesha pa pili, kidole kikasimama juu ya kitufe bila kugusa. Akarudia mara tatu. Kisha akauliza nani amefahamu, na mikono ikanyooshwa arobaini na mmoja, nikaihesabu, na wa arobaini na mbili ulikuwa wa Mwalimu Kibwana.

Niliondoka Usitiri asubuhi ya Alhamisi, siku tisa baadaye. Shule nzima ilikuwa inajua kuizima. Nilipita dirishani kutazama, na mashine ilikuwa inawaka.